Mwezi Alioanza Kuugua Fundi

9 Februari

Kwa mtaalamu wa chumba cha hadubini,

Salamu nyingi. Yule mama wa Ofisi ya Wachangiaji ameniambia nikuandikie bila jina, nisitaje mji wala mtaa, na wewe utafanya hivyohivyo. Amesema ndiyo sheria yenu, mnaovipokea viungo hamtakiwi kujua ni vya nani. Nimekubali. Nimefundisha chekechea miaka thelathini na nne na nimezoea kuitwa Mwalimu tu, hata sokoni. Mume wangu naye watu walimwita Fundi, na wengi waliokuja kumzika hawakujua jina lake lingine.

Fundi alikuwa mshonaji wa makoti na suti. Alifariki Januari ya mwaka jana, kwa ule ugonjwa unaoua neva za misuli. Ulimwanzia mkononi na kwenye ulimi, ukamalizia pumzi. Kabla hajanyamaza kabisa aliweka dole gumba kwenye karatasi yenu, kwamba akifa mchukue ugwe wa mgongo wake. Nilimwuliza, "Mume wangu, hilo nalo la nini?" Alikuwa bado na maneno machache, akayatoa moja moja: "Nguo ikiharibika, fundi hufumua aone."

Sasa mmeniletea barua ya shukrani yenye muhuri mzuri. Ahsanteni. Lakini mimi nina swali, na yule mama wa ofisi amesema labda wewe unayekata na kuangalia ndiye unayeweza kulijibu. Kwa hicho mlicho nacho, mnaweza kujua ugonjwa ulianza lini? Siulizi mwaka. Nauliza mwezi.

Nijibu, binti yangu. Nimekuita binti kwa kuwa kazi ya vipande vyembamba namna hiyo naiona ni ya mikono ya kike.

Mwalimu wa Chekechea


27 Februari

Mama Mwalimu, shikamoo.

Naomba nianze kwa kujirekebisha mbele yako. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na sita, nina kitambi, na vidole vyangu ni vinene kiasi kwamba pete yangu ya ndoa ilibidi ikatwe kwa koleo. Lakini vipande nakata.

Barua yako niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Nina miaka kumi na tisa katika chumba hiki na hakuna mtu wa nje aliyewahi kuniandikia. Kwetu watu hufika wakiwa namba. Bibi aliyenifundisha kazi, sasa amestaafu, alikuwa akigonga meza kwa penseli kila akiniona naharakisha. "Polepole," alisema, "huyu ana watu wake." Nilidhani ni maneno ya kutuliza vijana. Wiki hii nimemkumbuka mno, na koti lake la kijivu lililojaa madoa ya rangi, na chai yake isiyo na sukari aliyoiacha ipoe kila siku mpaka akaimwaga.

Nikueleze ninachofanya. Ndani ya mfupa wa mgongo mna ugwe laini, unene wake kama kidole chako kidogo. Humo neva hupokezana ujumbe. Moja inasema "inua mkono", nyingine inapokea na kuupeleka kwenye msuli. Hazigusani. Kati yake kuna kijinafasi kidogo mno, mahali pa kupokezana, nasi tunapaita sinapsi. Upande mmoja kuna protini za kutoa ujumbe, upande wa pili protini za kuupokea. Mimi hukata ugwe vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, nikavitia rangi zinazong'aa, nikaangalia protini zipi zipo, zipi zimepungua, zipi zimehama mahali pake. Kwa waliokufa kwa ugonjwa wa Fundi, sinapsi nyingi zimetoweka, na zilizobaki zimebadilika. Tena iko protini moja ambayo kazi yake ni kukaa ndani ya kiini cha seli. Kwao imetoka nje na kuganda mabonge, kama maziwa yaliyokatika.

Tusichokijua vizuri ni kipi hutangulia. Je, sinapsi huharibika kwanza ndipo neva ife, au neva hudhoofika kwanza? Kwa panya wenye ugonjwa unaofanana na huu, wenzetu wameona sinapsi zikibadilika kabla panya hajaanza kuchechemea. Lakini panya ni panya.

Na mwezi, mama? Kwa nini mwezi?

Mkata Vipande


15 Machi

Mwanangu Mkata Vipande, marahaba.

Nisamehe kwa kukuvika gauni. Nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama niko salama.

Umeuliza kwa nini mwezi. Nimekaa na swali hilo siku kumi.

Duka la Fundi lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa kukunja, kioo kirefu chenye ufa chini, cherehani ya kukanyaga na redio ambayo kitufe chake cha kubadilishia kilipotea kabla hatujaoana. Shule yangu iko mtaa wa nyuma. Nikitoka mchana napita dukani, tunakula juu ya meza ya kukatia, kitambaa cha mteja amekifunika kwa gazeti. Ananiuliza, "Leo kalia nani?" Namwambia kalia fulani, kwa sababu kaambiwa kichwa chake ni kikubwa. "Kikubwa kweli?" "Kikubwa." "Basi mwambie aje nimshonee kofia." Miaka ishirini na minane tulikula hivyo, mwanangu. Sikujua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa raha yenyewe. Nilidhani raha bado inakuja.

Kisha mwaka ule, kuanzia Januari, nikawa napita nakuta mlango umefungwa na kufuli juu. Saa sita ikigonga anatoka na mfuko, anarudi saa nane. Namwuliza, ulikuwa wapi? "Nilikuwa na mtu." Mtu gani, hasemi. Akaanza kudondosha vitu. Vikombe viwili, kisha pasi, ikamkosa mguu kidogo tu. Jioni ulimi unakuwa mzito, maneno yanateleza. Sasa nikwambie, baba yangu mzazi alikuwa mlevi. Dalili zile nilizijua kama ninavyojua alfabeti. Nilinusa mashati yake. Hayakunuka kitu, nikasema huyu amekuwa mjanja.

Juni, siku ya Jumamosi, mwanetu wa pekee alioa. Fundi akasimama kusema neno la baba. Alianza vizuri, kisha ulimi ukamgoma katikati. Akashika meza, meza ikamfuata, glasi zote chini. Nikamshika mkono nikamtoa, na pale mlangoni nikamwambia kwa sauti ambayo huwa naitumia uwanjani kuwaita watoto sitini: "Mlevi wewe! Hata siku ya mwanao?"

Wakwe walisikia. Bibi harusi alisikia. Fundi alinyoosha tai yake tu.

Mwanangu hakusema na baba yake karibu miaka miwili. Oktoba ya mwaka uliofuata nilimpeleka Fundi hospitali tukaambiwa ugonjwa. Kijana nilipompigia alisema, "Pombe hiyo, mama, msiitafutie jina la kizungu." Alipokuja kuona kwa macho yake, baba alikuwa haongei tena. Walitazamana. Basi.

Ndiyo maana nauliza. Juni ile, ulikuwa umeshaanza? Au alikuwa mlevi kweli, kisha akaugua? Kijana anasema yote mawili yanawezekana. Na mimi, Mungu anisamehe, ziko siku naomba awe alikuwa mlevi, ili niwe nilisema kweli.

Mwalimu


24 Machi

Mama,

Nimerudi kwenye vipande vya Fundi, vyote, nimekaa navyo siku mbili.

Ugonjwa ulikuwa umeshaanza. Kwa jinsi protini za sinapsi zilivyobadilika naweza kukuambia kwamba ulianza miezi mitano hivi kabla ya harusi. Yaani Januari. Hakuwa mlevi.

Mwambie mwanao kwamba maabara imesema.

Mkata Vipande


6 Aprili

Mwanangu uliye mbali,

Mungu akupe vyote unavyovitaka, na hicho kitambi akiache kama kilivyo.

Nilimpigia kijana nikamsomea. Kisha akasema, "Nisomee tena." Nikasoma. "Tena." Mara ya tatu nikamsikia analia, yule mwanaume mwenye ndevu, analia kama siku nilipompeleka shule akadhani nimemwacha moja kwa moja. Amesema mwisho wa mwezi huu anakuja na mkewe. Tangu mazishi hajakanyaga hapa.

Barua yako nimeitia kwenye fremu, kando ya picha ya Fundi. Nimelala, mwanangu. Umri huu mtu akilala usiku kucha ni wa kutangaziwa redioni.

Sasa nimeanza kumkumbuka vizuri. Zamani nikimkumbuka, kumbukumbu zote zilikuwa zinapita kwanza kwenye ule mlango wa ukumbi. Jana nimemkumbuka mwaka watoto wangu walipocheza mchezo wa ndege. Nilimwomba jozi sita za mabawa. Akaniuliza darasa lina watoto wangapi. Ishirini na sita. "Na hao ishirini watakuwa nini?" "Watakuwa miti." Alikataa katakata. "Mtoto hawezi kwenda nyumbani kumwambia mama yake alikuwa mti." Akashona mabawa hamsini na mawili kwa mabaki ya bitana, ya bluu, ya zambarau, mengine yenye mistari ya suti za mabenki. Siku ya mchezo hapakuwa na mti hata mmoja jukwaani. Ndege tupu, wanagongana. Yeye amekaa kiti cha nyuma, anahesabu mishono inayofumuka.

Fremu nimeipangusa leo asubuhi.

Mama yako, Mwalimu


19 Aprili

Mama Mwalimu,

Itoe hiyo barua kwenye fremu.

Nilikudanganya. Vipande haviwezi kuonyesha mwezi. Haviwezi kuonyesha hata mwaka. Ninachokiona chini ya hadubini ni jinsi ugwe wa mgongo ulivyokuwa siku mtu alipokufa, wala si siku alipoanza kuugua. Januari nilikuokotea kwenye barua yako mwenyewe, wewe uliandika kuwa mambo yalianza Januari, nami nikakurudishia kama vile nimeipata kwenye protini. Kwa kuwa ulikuwa unaihitaji, uliniamini.

Sina cha kujitetea. Nilifikiri, huyu mama ameomba neno moja, na kwa miaka kumi na tisa nimetoa tarakimu ambazo hazijamfuta mtu machozi. Nikataka mara moja tu nitoe kitu. Kisha uliponiandikia kwamba kijana amelia, nilikwenda chooni nikakaa humo mpaka mwenzangu akaja kunitafuta. Mtu analia kwa neno langu, na neno lenyewe ni hewa.

Nimemweleza mkuu wa maabara na yule mama wa ofisi. Nimepewa onyo la maandishi, na nimeruhusiwa barua hii moja ili niseme kweli.

Kweli yenyewe ni ndogo. Inawezekana kabisa kwamba ulikuwa umeanza. Mkono kudondosha na ulimi kuwa mzito ni dalili zake. Lakini "inawezekana" si "ndiyo". Wanaoweza kujua si mimi niliyemkuta kwenye barafu. Ni walioiona mikono yake kila siku ikifanya kazi, mwaka ule. Waulize hao, kama bado una nguvu ya kuuliza.

Sistahili kuitwa mwanao. Nilifurahi ulipoita.

Mkata Vipande


21 Julai

Wewe,

Barua yako ya Aprili nilitaka kuichana, mikono ikakataa. Nikaitia chini ya godoro nikailalia. Nilikutukana kwa maneno ambayo watoto wangu huwekwa kona kwa ajili yake.

Nilifikiri kukaa kimya. Nani angejua? Kijana alikuwa ameshakata tiketi. Lakini nilikumbuka pale ukumbini nilisema jambo nisilolijua kama vile nalijua, nikaona nikinyamaza sasa nitakuwa nimefanya vilevile mara ya pili. Nikampigia. Nikamwambia yule mtaalamu amesema alidanganya. Akasema, "Basi tumerudi palepale, mama," akakata simu. Mwisho wa mwezi hakuja.

Wiki sita sikutaka kuona mtu. Kisha shule ikafungwa, na nyumba isiyo na kelele za watoto ikanisukuma nje. Waulize walioiona mikono yake. Haya. Nikaanza na wateja.

Lazima ujue kitu kimoja kuhusu Fundi. Matundu ya vifungo hakuyashona kwa cherehani hata siku moja. Alisema mashine inatoboa tu, tundu la kifungo linataka mkono. Nikaenda nyumba kwa nyumba. "Samahani, lile koti alilokushonea marehemu bado unalo?" Wengine walidhani nimerukwa na akili, wakanipa koti na chai pamoja. Mwalimu mkuu mstaafu alikuwa na mawili, moja la mwaka wa kabla ya harusi na moja la Machi ya mwaka wa harusi yenyewe. Niliyatandika kitandani kwake. La kwanza ni mkono wa mume wangu, ningeujua gizani. La pili matundu ni mazuri, tena safi sana, lakini uzi umezungushwa upande wa pili. Ni kazi ya mtu wa mkono wa kushoto.

Mji wetu una fundi mmoja tu wa mkono wa kushoto. Duka lake liko ng'ambo ya barabara, linatazamana na la kwetu. Tunamwita Bwana Kola kwa jinsi anavyojisifia kola zake. Yeye na mume wangu walikuwa wapinzani miaka ishirini, salamu yao ilikuwa ni kukohoa.

Nilivuka barabara. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, hakuinua macho.

"Umechelewa sana kuja, Mwalimu."

"Ni wewe uliyekuwa ukimshonea matundu?"

"Mimi. Tangu Januari mpaka alipofunga duka. Kila siku saa sita alikuja na mfuko wake, akakaa kwenye kiti hicho, pazia la mlangoni nimelishusha. Mimi nashona, yeye ananikosoa. Alinichosha mno yule mtu." Akafunga fundo mwisho wa uzi. "Saa sita ikifika bado natazama mlangoni."

"Alikuwa anakunywa?"

"Maji. Na hayo maji nayo yalikuwa yanampalia."

Akafungua droo akanitolea karatasi ya hospitali aliyoachiwa na Fundi, hospitali ya mji mwingine, siyo ile niliyompeleka mimi. Tarehe 11 Mei. Jina la ugonjwa limeandikwa, na chini yake wameandika "mgonjwa ameelezwa". Mei ya mwaka uleule. Harusi ilikuwa Juni. Alisimama kusema neno la baba akijua.

Nikamwuliza Bwana Kola kwa nini hakuniambia.

"Alisema harusi ipite kwanza. Harusi nayo ikapita kama ilivyopita. Kesho yake nikamwambia, nenda kamweleze mkeo, aibu hii ya nini? Unajua alinijibu nini? 'Mlevi anasubiriwa aache. Mwalimu akiniona mlevi, kila asubuhi anaamka na tumaini. Nikimwambia hili, ataamka na nini?'"

Oktoba ya mwaka uliofuata, mbele ya daktari, nilipomshika mkono tukaambiwa, naye alishtuka. Aliuliza maswali. "Dawa yake ni ipi, daktari?" Alishtuka vizuri sana. Nilimwonea huruma kwa habari aliyokuwa nayo miezi kumi na saba.

Nilidhani nikiupata mwezi nitapumzika. Nilitoka pale nimekasirika. Nilimnunia miezi kumi na saba, nikimwekea chakula mezani bila neno, na yeye akaniacha nimnunie. Ile ilikuwa miezi yangu ya kumpenda angali anaweza kujibu. Nani alimpa ruhusa ya kunichagulia?

Kisha nikafika nyumbani, nikakaa kitandani, nikasema kwa sauti: na mimi je, ningemwuliza kwa upole hata mara moja, angeshindwa kusema? Hapo ndipo nilipolia.

Karatasi nimetoa nakala, nimemtumia kijana kwa posta. Sikutia neno langu hata moja kwenye bahasha.

Sijui kama ofisi itakupa barua hii. Nimeiandika hata hivyo. Uwongo wako uliniuma, lakini uliufuta mwenyewe bila kulazimishwa, na hilo ndani ya nyumba yetu hakuna aliyelifanya.

Mwalimu


3 Agosti

Mama,

Barua wamenipa. Yule mama wa ofisi aliisoma kwanza kama sheria inavyotaka, akaniletea mwenyewe kwa mkono, macho mekundu, akasema, "Mimi sijasoma kitu." Mkuu wa maabara ameruhusu nijibu, mradi aone barua kabla haijatoka. Ameiona. Amesahihisha neno moja.

Sina haki ya kukupa neno kuhusu mumeo. Nitakueleza nilichokiona kweli, kisichozidi wala kupungua. Katika sehemu ya ugwe inayohudumia mikono, sinapsi zake nyingi zilikuwa zimekwisha. Zilizobaki, baadhi yake zilikuwa kubwa kuliko za mtu wa kawaida, na protini zake zimejazana. Tumewaona wengine hivyo pia. Huenda zilikuwa zinajaribu kubeba mzigo wa zile zilizopotea. Huenda ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Mimi niliandika "labda", mkuu akasahihisha akaweka "huenda". Amesema labda ni ya mtu anayebahatisha. Kumbe wote wawili tunabahatisha, mama, ila yeye kwa Kiswahili fasaha.

Tumeandika ripoti. Fundi yumo, pamoja na wengine ishirini na mmoja, kwenye jedwali la pili. Kwa wasomaji ni mstari. Nilipouandika mstari ule niliuandika polepole.

Kijana amesemaje?

Mkata Vipande


30 Agosti

Mwanangu,

Narudi kukuita hivyo, na mkuu wako akitaka kusahihisha na asahihishe.

Kijana alikuja Jumamosi iliyopita. Hakupiga simu. Nilikuwa nafua uani nikaona viatu vya mtu karibu na beseni. Amenenepa. Ameshika ile nakala, imechakaa kwenye mikunjo kama noti ya zamani.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nimejua siku chache kabla yako."

"Nilimwambia mke wangu tukipata mtoto tusimpe jina la baba. Kwa ajili ya pombe."

Mimi ndiye niliyempa hiyo pombe. Nikamwambia hivyohivyo: "Hilo nililifanya mimi, kwa mdomo wangu, mbele za watu." Akatazama chini. Hakusema nimekusamehe, wala sikumwomba. Akachukua upande wa pili wa shuka tukalikamua pamoja.

Mchana nikampeleka kwa Bwana Kola. Alimpa kile kiti. Kijana akakaa muda, kisha akauliza jambo moja tu: "Alikuwa anasema nini kuhusu mimi?"

Bwana Kola akakuna kichwa. "Hakuwa msemaji, baba yako. Alikuwa ananiuliza kama nimekuona barabarani. Nikimwambia ndiyo, anauliza, mabega yamepanuka? Mimi nitajuaje? Sikukupima." Akaenda nyuma ya pazia, akarudi na kifurushi cha karatasi. Ndani yake vipande vya koti, kitambaa cha kijivu kizito, vimekatwa tayari, mistari ya chaki bado inaonekana. "Alikata hili mwaka uliofuata harusi. Mkasi alishika kwa mikono miwili. Alikukatia kwa kukisia. Akasema nisilishone mpaka uje mwenyewe, kwa sababu koti la kumtumia mtu ni la kumwomba msamaha, na yeye hana kosa. Nikamwambia basi mwite. Akasema, mtoto haitwi, mtoto hurudi."

Kijana akasimama mbele ya kioo. Bwana Kola akampachika vipande kwa pini, mgongo, kifua, bega la kulia. Halikumtosha. Halikumkaribia hata kidogo. Kifua kilikuwa kimeachana kama milango miwili. Tukatazama wote watatu pale kiooni. Bwana Kola ndiye aliyeshindwa kwanza, akapasuka kicheko, mimi nikafuata, na kijana akacheka mpaka pini ikamchoma, akacheka tena.

"Nitaongeza vipande pembeni," Bwana Kola akasema.

"Usiongeze. Nitapungua."

"Hutapungua. Nimekuona ukiingia mlangoni."

Tulipotoka alitaka tupitie duka la kwetu. Nilikuwa sijalifungua tangu mazishi. Mlango ulikataa, tukausukuma wote wawili. Vumbi, cherehani imefunikwa, meza ya kukatia iko palepale. Tukakaa juu yake, miguu inaning'inia, tukala ndizi nilizokuwa nazo kwenye mkoba. Akasema ana miaka thelathini na moja na hajui wazazi wake walikutanaje. Kila alipouliza utotoni, tulikuwa tunacheka tu, tukamwambia akakoge.

"Nieleze sasa," akasema. "Anzia mwanzo."

Nikamweleza hivi: Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimevaa sketi iliyopasuka zipu njiani, nimeishika kwa mkono nyuma, mvua inakuja. Nikaingia kwenye mlango wa kwanza niliouona wazi. Baba yako alikuwa anapinda suruali ya mtu, na mdomoni ana pini tatu. Akaniambia neno. Kwa ajili ya zile pini sikuelewa alichosema, na nikaona haya kumwuliza, nikakaa kusubiri azitoe.

Mama yako, Mwalimu